Boga Lililopandwa na Tembo

"Hapana, mkwe, sikulipanda mimi. Hilo boga lilipandwa na tembo," Mzee Remigius alisema, akaliwekea mkono juu kama mtu anayezuia kofia isipeperushwe na upepo.

Dominic, mkwe wake, alikuwa ameuliza kwa adabu tu. Walikuwa wametoka Wasso yeye na mkewe Hyasinta, wamekaa kwenye basi tangu alfajiri, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Sasa mtu ametoka safari ya namna ile, anaingia sebuleni kwa mkwewe, anakuta boga kubwa la kijivu limekalishwa katikati ya meza kama mgeni rasmi, atakosaje kuuliza limetoka shamba gani? Hakujua kwamba jibu lake lilikuwa na mwaka mzima ndani.

"Tembo," Dominic alisema, akamtazama mkewe.

"Tembo jike, mwenye pembe moja iliyokatika. Tulia nikueleze."

"Baba," Edna aliita kutoka mlangoni pa jiko. Edna ni mke wa mtoto wake mkubwa, ndiye anayemtunza mzee pale nyumbani, na mkononi alikuwa na panga. "Maji yanachemka tangu saa ile. Tukate boga kwanza. Utaeleza likiwa motoni."

"Litakatwa tu. Lina haraka gani? Limekaa shambani miezi karibu minne."

"Boga halina haraka, baba. Wenye njaa ni watu."

Mkono wa mzee haukutoka pale juu. Na kusema kweli, maelezo yalikuwa kisingizio. Mzee alikuwa anaogopa. Boga linaweza kuwa zito, limekomaa mpaka ukucha hauingii, halafu ukilipasua unakuta mbegu zote mapepe, ngozi tupu, kiini hakuna. Na hilo ndilo lililokuwa limebaki. Hakukuwa na lingine la aina yake, si pale nyumbani, si kwa majirani, si sokoni Karatu, maana alishazunguka soko lote akitafuta. Likiwa na mapepe, basi boga la Germana limekwisha, na wao ndio watakaokuwa wamelimaliza, na chumvi juu.

Germana alikuwa mke wake. Alipoolewa alikuja kutoka Mbulu na mbegu za boga hilo amezifunga kwenye pindo la nguo, na kila mwaka akazipanda pembeni mwa mahindi, miaka arobaini na kitu. Ni boga gumu la nje, lina mbavu, ndani njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Majani yake yana madoa meupe, utadhani mtu amepita na maziwa akayamwaga. Likivunwa linakaa darini mwaka mzima halioti ukungu. Mwaka wa njaa ule, watoto wakiwa wadogo, walikula boga hilo asubuhi na jioni mpaka Hyasinta akaulizwa na mwalimu kwa nini viganja vyake vimekuwa vya njano.

Na Germana alikuwa na utaratibu wake. Hakupanda mbegu zote hata siku moja. Konzi moja ilibaki ndani ya kibuyu juu ya moshi wa jiko. Remigius alikuwa anamtania: "Hizo unamwekea nani, wajukuu wa panya?" Germana alikirudisha kibuyu juu ya moshi. Alikuwa mwanamke wa kufanya zaidi ya kusema, na mzee alikuwa wa kusema, wakaenda hivyo hivyo, wakazeeka.

Mwaka juzi, kwenye Kwaresima, Germana akafariki. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, Remigius akashusha kibuyu, akapanda mbegu zote. Zote kabisa. Alitaka shamba zima liwe maboga ya Germana, watu wakipita barabarani waseme, huyu mtu alimpenda mke wake. Kosa la mwanaume mwenye huzuni. Kibuyu kikabaki kinalia hewa.

Maboga yakakubali. Mwezi wa tano yakawa yamelala shambani kama ng'ombe waliopumzika. Halafu siku moja mzee anatoka na fimbo yake kunako mapambazuko, anakuta shamba limekuwa uwanja. Tembo walikuwa wameshuka kutoka msitu wa juu, ule wa ukingoni mwa shimo la Ngorongoro, wakafuata korongo mpaka kwake. Walikuwa wanne. Aliwaona wanaondoka polepole bila wasiwasi, na yule jike mwenye pembe moja yuko nyuma, bado anatafuna. Halikubaki boga hata moja. Kwa majirani pia, kila aliyekuwa na boga hakuwa nalo tena.

Patrisi, jirani wa upande wa chini, yeye aliliwa mahindi. Akaja akasimama naye pale, akatikisa kichwa. "Mbegu za maboga zipo dukani, Mzee Remi. Zina pakiti, na picha juu."

"Sitaki picha," Remigius akasema, akaenda kukaa nyuma ya banda la ng'ombe ili asionekane.

Tangu hapo akawa na chuki na msitu. Kila asubuhi ukungu ukifunika kule juu, anasema uungue wote, tukose sote. Sasa pale nyumbani kuna mpangaji, Vumilia, mama wa makamo, mtu wa Singida, kibarua kwenye shamba kubwa la kahawa lililo jirani. Alikuwa amevumilia maneno hayo wiki nzima. Siku moja akiwa anakinga maji bombani akamwambia, "Babu, hayo maji unayopikia chai yanatoka wapi?"

"Kwenye chemchemi."

"Na chemchemi iko wapi?"

Mzee akatazama juu, kwenye msitu.

"Basi ukiombea msitu uungue, ombea kabisa na sisi tupewe mate ya kunywa."

Hakupendezwa. Lakini alilibeba lile neno. Siku ile ile alikuwa amechukua koleo, amekwenda ukingoni mwa korongo ambako tembo waliacha mavi yao, anataka kuyatupa mbali, hata harufu yao isibaki. Akakuta wenyewe wameshafika. Wale wadudu weusi wenye migongo mipana, wanaobingirisha mavi kwa miguu ya nyuma huku kichwa kiko chini. Wengine wanasukuma donge, wengine wanachimba chini ya rundo na kulizamisha ardhini. Mzee akaegemea koleo. Mmoja alisukuma donge lake mpaka kwenye jiwe, likamrudia, akalisukuma tena, likamrudia. Mzee akaliondoa lile jiwe kwa ncha ya koleo. Akakaa pale mpaka jua likawa kali, na aliporudi nyumbani Edna akamuuliza mavi yametupwa wapi. "Nimeyakuta yana wenyewe," akasema. Siku chache baadaye hapakuwa na rundo tena, zimebaki nyuzinyuzi kama za mkeka uliochakaa.

Kiangazi kikapita na baridi yake. Mvua za Novemba zikaja. Mwezi wa kumi na mbili Vumilia anatoka kukata majani ya kufagilia, anampita mzee kibarazani, anasema bila hata kusimama, "Babu, pale tembo walipojisaidia pameota maboga."

"Utani wako uuache huko huko Singida."

"Haya. Majani yana madoa meupe."

Mzee alisahau fimbo. Alifika ukingoni mwa korongo anahema, akapiga magoti. Miche mitatu. Ilikuwa imetoka pale pale wadudu walipozamisha mavi, na aliposogeza udongo kwa kidole akakuta nyuzi za mavi zimeshika mizizi. Mbegu ilikuwa imepita tumboni mwa tembo, ikatoka nzima, ikafukiwa na mdudu, ikakaa na mbolea yake miezi yote ya ukavu bila kuonwa na panya wala ndege, ikasubiri mvua. Alikumbuka alivyoomba msitu uungue. Akavua kofia. Hakuna aliyemwona ila Vumilia, aliyekuwa amemfuata nyuma, na Vumilia hakumcheka.

"Basi ndiyo hilo boga," Dominic alisema pale mezani, akijisogeza kwenye kiti. Alikuwa anajaribu kumsaidia mzee amalize.

"Hilo boga bado hata halijaota ua, mkwe," Edna alimjibu. "Mimi nimeshaisikia. Ngoja nipunguze moto."

Miche ilikuwa mitatu, ehe. Mmoja ukakatwa shina na sota, mdudu wa udongoni. Wa pili ukaliwa na mbuzi wa Patrisi. Na hapo mzee akakosea, maana alisimama barabarani akamwita yule mbuzi mwizi, na mtoto wa mwizi, kwa sauti ambayo mwenye mbuzi aliisikia vizuri. Mwezi mzima hawakusalimiana. Ukabaki mche mmoja. Akauzungushia miiba, ukatambaa, ukashuka korongoni, mwezi wa kwanza ukatoa maua.

Alipoyaona maua yale akafanya kama alivyodhani Germana anafanya. Alikuwa anamwona kila mwaka anarudi na maua ya maboga ndani ya kanga, yale yenye kikonyo kirefu kisicho na kiboga chini yake, anayapika na mboga. Mzee alijua moyoni kwamba Germana anapunguza yale yasiyozaa ili yasinyonye nguvu za mmea bure. Basi akayachuma yote, kila siku asubuhi, hakubakiza. Edna akayapika, wakala, matamu. Na yale maua yenye kiboga kidogo chini, kama kidole cha mtoto, yakafunguka, yakafunga, yakawa njano, yakaanguka. La kwanza. La pili. La nne.

"Mmea umelogwa," akamwambia Vumilia.

Vumilia alitazama mmea, akatazama sufuria ya mboga. "Babu, haya maua uliyokula ndiyo waume. Umewafukuza waume wote nyumbani, halafu unawauliza wanawake mbona hawazai."

Mzee akageuka kuutazama mmea. "Germana alikuwa anayachuma."

"Alikuwa anachuma yote?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Germana alikuwa anarudi na machache, nusu ya kanga, na shambani njano ilikuwa bado imejaa. Yule mama hakuwa anamaliza kitu. Miaka arobaini na zaidi Remigius alikuwa anaangalia mkono unaochuma, hakuangalia unachoacha.

Akaacha kuchuma maua dume. Bado viboga vikaanguka. Vumilia akamwelekeza achukue ua dume, aling'oe petali, asugue ule unga wa njano ndani ya ua jike. Mzee akajaribu kwa vidole vyake vya jembe, akalivunja ua jike shingo. Vumilia mwenyewe angeweza, lakini ua la boga linafunguka alfajiri na kabla ya saa nne limeshajikunja, na saa hizo yeye yuko kwenye kahawa ya tajiri.

"Wenye kazi yao wako wapi?" Vumilia akauliza Jumapili moja, siku ambayo hakuna ua jike lililofunguka. "Kwetu Singida mtoto anamjua nyuki kabla hajajua kuhesabu. Mimi hapa tangu asubuhi sijamwona hata mmoja." Akatembea mpaka kwenye mpaka na shamba la Patrisi, akainama, akarudi na kiganja wazi. Nyuki watano, wamekufa, wamekunja miguu. Patrisi alikuwa anapulizia maharage yake dawa asubuhi asubuhi, mara mbili kwa wiki, saa zile zile nyuki wanaposhuka kutoka msituni kutafuta maua.

Basi hapo hapakuwa na njia nyingine. Mzee akavaa koti lake la kanisani, akashuka kwa Patrisi.

Patrisi alikuwa anaosha bomba la dawa. Hakuinua kichwa. "Umekuja kunisalimia, au umepotea njia?"

"Nimekuja kuomba radhi kwa yule mbuzi."

"Mwenyewe yule pale, kamwombe."

Mzee, nakuambia, alimgeukia mbuzi akamwomba radhi. Akamwambia, wewe hukujua ni mbegu ya Germana, ulikuwa na njaa tu. Sikuweza kukununia wewe nikamnunia bwana wako. Patrisi akabana midomo, mabega yakaanza kumtikisika.

"Kaa, mzee. Sema shida yako."

"Dawa. Naomba upulizie jioni. Nyuki wakiwa wamesharudi."

"Jioni nakuwa nimechoka."

"Nitakuletea chai."

"Na kwa nini nichoke kwa ajili ya boga moja?"

"Si boga tu. Maharage yako nayo yana maua, na hao nyuki wanaingia huko pia. Ila sitakudanganya, nimekuja kwa ajili ya boga."

Patrisi akakung'uta maji kwenye bomba. Baadaye kidogo akasema, "Mke wangu alipojifungua mapacha, mama Germana alituletea maboga sita. Alibeba mwenyewe. Alikuja mara tatu." Akalisimamisha bomba ukutani. "Basi jioni. Na hiyo chai iwe na maziwa."

Wiki iliyofuata mzee alikaa korongoni kwenye baridi, amejifunika blanketi, akamwona nyuki wa kwanza anaingia ndani ya ua dume, anatoka amepakaa njano mpaka tumboni kama mtoto aliyeiba unga, anaruka moja kwa moja mpaka kwenye ua jike. Yakatunga maboga mawili. Moja lilipokomaa nungunungu alipata sehemu yake, wala mzee hakugomba naye sana. Na la pili ndilo hilo hapo.

"Shikamooni wote humu ndani," sauti ilisema mlangoni. Ni Patrisi huyo, amealikwa, na nyuma yake Vumilia amefunga kanga safi. Patrisi alitazama meza. "Bado hamjakata? Nimekuja nimechelewa makusudi."

"Baba anaogopa," Hyasinta alisema polepole.

Hakuna aliyekuwa amelisema hilo, na yeye alikuwa amefika saa hiyo tu. Alifanana na mama yake kwenye paji la uso, na kwenye tabia hiyo ya kuona pia.

"Naogopa," mzee alikubali. "Likiwa na mapepe, nitakuwa nimemzika mama yako mara mbili."

"Na tusipolikata?"

"Litaoza."

"Basi."

Mzee akaondoa mkono. Akachukua panga kwa Edna, akampa binti yake. Hyasinta alipiga pigo moja, panga likakwama, Dominic akagonga mgongo wa panga kwa mwichi wa kutwangia, na boga likafunguka kwa mlio kama wa kuni kavu. Njano ile ile. Mzee hakuitazama. Aliingiza vidole kwenye nyuzi za karibu na kikonyo, akatoa mbegu, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikabonyea. Pepe.

Akatoa nyingine. Pepe.

Edna alishika mlango. Vumilia akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Babu, hizo za juu huwa hivyo. Shuka chini, katikati."

Akashuka. Mbegu aliyoitoa ilikuwa nene, nyeupe, imejaa. Akaibonyeza, ikakataa. Akaitia mdomoni, akaipasua kwa meno yaliyobaki, na ndani mlikuwa na kiini cha kijani, kitamu, chenye mafuta. Akatafuna taratibu. Machozi yakamshuka wala hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imejaa nyuzi za boga.

"Zimejaa," akasema. "Zimejaa, jamani. Zimejaa."

Hyasinta alikuwa ameshaanza kuzitenga kwenye ungo, na yeye analia na kucheka. Mzee akaagiza zikikauka zigawanywe. Konzi moja iende Wasso na Hyasinta, nyingine aichukue Patrisi, nyingine ya Vumilia, akienda likizo azipande kwa mama yake Singida. Kitu kikikaa kwa mtu mmoja, alisema, anayekuja kukila anakimaliza kwa siku moja.

"Na tembo umemgawia?" Patrisi akauliza.

"Tembo hagawiwi. Anajigawia."

Boga likaingia sufuriani, na wakati linachemka hakuna aliyekaa, kila mtu alikuwa na kazi au anajifanya ana kazi. Patrisi alipanga viti, Vumilia akamimina maziwa ya mgando kwenye vikombe, Dominic akapewa maji ya kunawa uso, vumbi la safari likatoka ndipo akaonekana kijana. Edna akaleta sinia, mvuke unapanda, vipande vya njano vimekaa juu ya vingine, na ugali pembeni, na mchuzi wa maharage ya Patrisi mwenyewe.

Wakasimama kwa sala. Mzee akafumba macho.

"Mungu Baba, tunakushukuru kwa chakula hiki. Tunakushukuru kwa Germana. Tunakushukuru kwa ukungu wa kule juu, na chemchemi, unisamehe yale niliyosema. Kwa yule tembo jike. Kwa wale wadudu weusi, hasa yule aliyekwama kwenye jiwe. Kwa nyuki. Kwa Patrisi, ameacha kupulizia asubuhi. Kwa Vumilia, ana mdomo lakini ana macho. Kwa mbuzi..."

"Baba," Hyasinta alisema taratibu, "Mungu anawajua wote."

"Najua anawajua. Nataka wajue na mimi nawajua."

"Basi sema Amina, tuwashukuru tukiwa tunatafuna."

Mzee akafumbua macho, akawatazama waliosimama kuizunguka ile meza yake ndogo, kila mmoja ameshika kiti chake kwa mkono mmoja.

"Amina," akasema. "Haya, kaeni. Kaeni jamani, mle, linapoa."

Wakakaa, wakala.